Maji ya kisima Singida na samaki wanaokufa Oktoba

MFUGAJI wa samaki mkoani Singida akipoteza bwawa zima, mara nyingi hali hiyo humpata kati ya Septemba na Novemba. Vifaranga walipandikizwa wakati wa mvua, wakakua vizuri, wanunuzi wakaanza kuulizia. Halafu siku moja ya jua kali, saa tisa au saa kumi alasiri, perege wanaonekana wakizunguka juu ya maji kama waliolewa. Kesho yake nusu yao wanaelea.

Maelezo hayakosekani. Wapo watakaosema jirani ametia sumu. Wengine watalaumu pumba iliyonunuliwa wiki ile, na wengine watalaumu aliyeuza vifaranga. Anayejiona mtaalamu zaidi atashauri mwenye bwawa atie chokaa, kwa sababu ndivyo vijitabu vya ufugaji wa samaki vinavyosema: bwawa likisumbua, tia chokaa. Kwa maji mengi ya visima vya Singida ushauri huo, ukitekelezwa kwa chokaa isiyofaa, unaweza kuwamaliza hata wale samaki waliobaki.

Tatizo ni kwamba wafugaji wengi huhesabu kila kitu isipokuwa maji. Bei ya kifaranga wanaijua, na ya mashudu ya alizeti pia, kwa kuwa mkoa huu ndio kwenye alizeti yenyewe. Ukubwa wa bwawa umepimwa kwa futi kamba. Maji huonwa kuwa ni maji tu, mradi yapo. Lakini maji yana hesabu yake, na katika mkoa wenye msimu mmoja wa mvua na kiangazi cha miezi saba hesabu hiyo ni kali.

Ziwa linaloeleza kila kitu

Mkazi wa Singida mjini hahitaji darasa la kemia ili aelewe jambo hili. Ziwa Singidani na Ziwa Kindai yako hapo hapo mjini, na hayana mto unaotoka. Mvua inanyesha, maji yanateremka kutoka kwenye mawe na mashamba yakiwa na chembechembe za chumvi na magadi, yanaingia ziwani. Kuanzia hapo njia ya kutoka ni moja tu, nayo ni jua. Jua huchukua maji na kuacha chumvi. Mwaka huu kidogo na mwakani kidogo, kwa maelfu ya miaka, hadi maji yakawa yale ambayo flamingo wanayapenda na ng'ombe hawayafurahii.

Linganisha na Ziwa Kitangiri kule Iramba. Nalo ni la kina kifupi na jua linalolipiga ni lile lile, lakini lina mto Sibiti unaotoa maji kuyapeleka Ziwa Eyasi. Kitangiri ni ziwa la wavuvi. Eyasi, ambalo ndilo mwisho wa safari, ni la chumvi na magadi. Si bure kwamba eneo hili lote, ambalo mito yake haifiki baharini, linaitwa Bonde la Kati na lina bodi yake ya maji yenye makao Singida.

Sasa mfugaji anayechimba bwawa, akalitandika nailoni ili maji yasipotelee mchangani, kisha akawa anaongeza maji ya kisima kila yanapopungua, ametengeneza Singidani ndogo nyuma ya nyumba yake. Tofauti ni kwamba Singidani lilichukua maelfu ya miaka na bwawa lake litachukua miezi saba.

Hesabu ni hii. Chukua bwawa la mita 10 kwa 15, lenye kina cha wastani wa mita moja. Hizo ni mita za mraba 150 na lita 150,000 za maji. Kwa jua na upepo wa kiangazi cha Singida, kukadiria kwamba bwawa hupoteza milimita 6 kwa siku si kutia chumvi. Ni lita 900 kila siku, yaani ndoo 45 za lita 20. Kuanzia Mei hadi Novemba ni siku kama 210, kwa hiyo maji yanayopaa ni lita 189,000, zaidi ya ujazo wa bwawa lenyewe. Mfugaji anayarudisha yote kutoka kisimani, na kila ndoo inakuja na chumvi na magadi yake. Hakuna kinachotoka. Ifikapo mwisho wa Novemba bwawa lina lita zile zile 150,000, lakini limebeba mzigo wa lita 339,000. Maji yamekolea zaidi ya mara mbili na robo, na kwa macho hayaonyeshi tofauti yoyote.

Bwawa la udongo lisilotandikwa huvuja kidogo, na kuvuja huko, ambako kila mfugaji hukulalamikia, huondoa sehemu ya mzigo. Nailoni inaokoa maji na wakati huo huo inafunga mlango wa chumvi. Hilo halimaanishi nailoni ni mbaya. Linamaanisha mwenye nailoni ndiye anayepaswa kupima zaidi.

Watu wanaofuga samaki wa mapambo na matumbawe ya baharini katika matangi ya kioo ndani ya nyumba zao wanaijua sheria hii kwa uchungu. Tangi la matumbawe likipungua maji, huongezwa maji matupu yaliyochujwa chumvi zote, kamwe si maji ya bahari, ingawa samaki wenyewe ni wa baharini. Sababu ni ile ile: kilichopaa ni maji, chumvi imebaki. Watu hao hupima magadi na kalsiamu ya tangi lao kila wiki, na wengine kila siku, kwa ajili ya samaki wachache wa kutazama sebuleni. Mfugaji wa kitoweo mwenye mamia ya samaki mara nyingi hajawahi kupima hata mara moja.

Kinachoua si chumvi

Hapa kuna jambo linalopotosha wengi. Mtu akiambiwa bwawa limekolea, hufikiria chumvi, akaonja maji, akaona si ya chumvi sana, akatulia. Kwa kweli sato ni mvumilivu wa chumvi. Maji ya bahari yana gramu kama 35 za chumvi kwa lita, na sato hukua vizuri hata kwenye gramu 10. Maji ya kisima cha kawaida hayafiki hapo, hata yakikolea mara mbili.

Hatari iko kwenye magadi, na hasa kwenye mchezo kati ya magadi, mwani na amonia.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yao, na chakula kilichobaki na samadi ya kuku iliyotiwa bwawani huoza na kutoa amonia nyingine. Kwa makadirio ya kawaida, kilo moja ya chakula cha samaki huishia kutoa gramu kama 30 za naitrojeni ya amonia. Amonia hiyo ndani ya maji huwa ya sura mbili. Sura ya kwanza ni tulivu na karibu haina madhara. Sura ya pili ni kali, hupenya matamvua na kuingia kwenye damu. Kinachoamua kiasi gani kiwe cha sura ipi ni kipimo cha pH, kile kinachoonyesha kama maji yana uchachu au ukali wa magadi. Saba ni katikati. Chini ya hapo ni uchachu, juu yake ni magadi.

Kwenye joto la nyuzi 25, maji yakiwa na pH 7, amonia kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Yakiwa na pH 8 ni kama asilimia 5. Yakifika 9 ni asilimia 36. Yakifika 10 ni asilimia 85. Msomaji aangalie namba hizo vizuri. Samaki ni wale wale, chakula ni kile kile, amonia yote ni ile ile, tuseme miligramu 2 kwa lita. Kwenye pH 7 sehemu kali ni kama miligramu 0.01 na samaki hawana habari. Kwenye pH 9 ni miligramu 0.7, na hapo perege wameshaacha kula siku nyingi, kwa kuwa hamu yao huanza kupungua hata chini ya miligramu 0.1. Kwenye pH 10 ni 1.7, na wakikaa hapo kwa muda watakufa.

Maji yakipata joto zaidi, sehemu kali inaongezeka tena. Oktoba ni mwezi wa joto Singida.

Basi pH hupandaje? Ni kazi ya mwani, ule ukijani ambao mfugaji anaufurahia kwa kuwa ni chakula cha perege. Mchana mwani hutumia hewa ya ukaa iliyomo majini kama mmea wowote wa kijani. Hewa ya ukaa ndiyo inayoleta uchachu kidogo majini, kwa hiyo ikitumika pH inapanda. Usiku mwani na samaki wote wanapumua, hewa ya ukaa inarudi, pH inashuka. Kila bwawa lenye ukijani hupanda na kushuka hivyo kila siku. Ndiyo maana kupima mara moja, saa nne asubuhi, hakusemi mengi. Bwawa hupimwa alfajiri kabla jua halijachomoza na tena alasiri saa tisa au kumi. Tofauti ya vipimo hivyo viwili inaeleza zaidi kuliko kipimo chenyewe.

Maharage, sabuni na meno

Maji magumu na maji ya magadi ni vitu viwili, ingawa watu huvichanganya. Ugumu ni kiasi cha kalsiamu na magnesi. Alkalini, au magadi, ni kiasi cha bikaboneti na kaboneti. Maji mengi duniani yana vyote viwili kwa viwango vinavyokaribiana, na hayo ndiyo maji ambayo vijitabu vingi vimeyafikiria. Pale mwani unapopandisha pH, kalsiamu hukamatana na kaboneti na kutua chini kama unga mweupe, na pH huzuiwa isipande sana. Kalsiamu hufanya kazi ya breki.

Sehemu kubwa ya maji ya chini ya ardhi katika mikoa ya kati na kaskazini mwa Tanzania hayako hivyo. Yamekaa muda mrefu kwenye miamba, yakajaa sodiamu na bikaboneti, huku kalsiamu ikiwa kidogo. Gari lina mafuta mengi na breki hafifu. Mwani ukichangamka, pH ya alasiri inapita 9 na inaweza kufika 10.

Kabla ya kwenda maabara, jikoni kuna dalili. Maji yenye kalsiamu nyingi hukataa kutoa povu la sabuni na huchelewesha maharage kuiva. Maji ya sodiamu na bikaboneti hufanya kinyume: sabuni hutoa povu haraka na maharage huiva upesi, kama vile mpishi ametia magadi, kwa sababu kwa kweli magadi yamo. Dalili nyingine ni ya kusikitisha zaidi. Singida ni mmoja wa mikoa inayojulikana kwa floridi kwenye visima, na floridi hupenda kukaa kwenye maji yenye kalsiamu kidogo na bikaboneti nyingi. Kijiji ambacho watoto waliokulia kwenye kisima fulani wana madoa ya kahawia kwenye meno, kisima hicho kina kila uwezekano wa kuwa cha aina hii. Hayo si vipimo, ni sababu ya kwenda kupima.

Majirani wawili, dawa mbili

Chukua mfano wa wafugaji wawili wanaotenganishwa na uzio wa minyaa. Mmoja anajaza bwawa lake kwa maji ya mvua yaliyoteremka kwenye mawe ya matale na kukusanywa kwenye lambo. Mwingine ana kisima kirefu na pampu.

Maji ya lambo ni laini kupita kiasi. Hayajakaa na mwamba muda wa kutosha kuokota chochote. Alkalini yake inaweza kuwa chini ya miligramu 20 kwa lita, ambapo mabwawa ya samaki hufanya vizuri kati ya 50 na 150. Mfugaji huyu atatia samadi na maji hayatakuwa ya kijani, au yatakuwa ya kijani kwa siku chache na kufifia. pH yake itaruka kutoka 6 alfajiri hadi 9 alasiri kwa kuwa hakuna kinachoizuia. Kwake yeye vijitabu vimesema kweli: atie chokaa ya kilimo, ile ya mawe yaliyosagwa bila kuchomwa. Kiwango cha kawaida cha kuanzia ni tani 1 hadi 2 kwa hekta, kwa hiyo bwawa la mita za mraba 150 litachukua kilo 15 hadi 30, zikisambazwa chini kabla ya kujaza maji. Samadi isubiri wiki moja au mbili.

Jirani mwenye kisima anaona mafanikio ya mwenzake na kuiga. Maji yake yana alkalini ya miligramu 200 na ugumu wa miligramu 80. Akitia chokaa ya kilimo, haiyeyuki, inalala chini na fedha yake imelala nayo. Hiyo ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni akikosa chokaa ya kilimo dukani na kuchukua ile ya kupaka nyumba. Chokaa hiyo imechomwa, ni kali, na hupandisha pH kwa saa chache. Kwenye bwawa lenye samaki na amonia, saa chache zinatosha. Tena wapo wanaoitia siku moja na samadi ya kuku. Harufu inayochoma pua wakati huo ni amonia inayofukuzwa na chokaa kutoka kwenye samadi, na samaki hawana pa kukimbilia.

Dawa ya jirani huyu ni kuongeza kalsiamu bila kuongeza magadi, na madini yanayofanya hivyo ni jasi. Hapa mkoa wa Singida una bahati ambayo wafugaji wengi hawajaitambua. Jasi inachimbwa Itigi. Magari yanaipakia kuipeleka viwanda vya saruji, na mfugaji wa samaki aliyeko njiani anayaona yakipita, akielekea mjini kununua chokaa.

Kukadiria kiasi ni rahisi mtu akishakuwa na vipimo viwili. Anatoa ugumu kwenye alkalini, anazidisha mara mbili, na jibu ni gramu za jasi kwa kila mita ya ujazo. Kwa jirani wa mfano, 200 kutoa 80 ni 120, mara mbili ni gramu 240. Bwawa lake lina mita za ujazo 150, kwa hiyo ni kilo 36. Kuzidisha kwa mbili tayari kumezingatia kwamba jasi ya machimboni si safi kabisa. Isagwe iwe laini, ichanganywe na maji kwenye ndoo na kumwagwa bwawa zima, si kwenye kona moja. Iwe jasi ghafi, si unga wa kupigia dari unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ambao unaweza kuwa umechanganywa na vitu vingine.

Jasi haishushi pH siku hiyo hiyo. Inarudisha breki, na kazi yake inaonekana alasiri baada ya alasiri. Kadiri maji ya kisima yanavyoongezwa, magadi hurudi na kalsiamu hutua chini, kwa hiyo kipimo kirudiwe kila mwezi wa kiangazi. Kujaribu kushusha pH kwa ndimu au siki ni kupoteza muda, kwa kuwa magadi huirudisha juu. Asidi ya betri isifikiriwe kabisa.

Kufa alfajiri, kufa alasiri

Saa ya kifo ni ushahidi. Samaki wanaokufa alfajiri, wakiwa wametoa midomo juu ya maji kabla ya jua kuchomoza, kwa kawaida wamekosa oksijeni. Usiku kila kiumbe bwawani kinapumua na hakuna anayezalisha. Kambale, ambaye anaweza kuvuta hewa ya juu, mara nyingi hupona usiku huo wakati perege wanakufa. Dawa ni kupunguza samadi na chakula na kuchangamsha maji.

Wanaokufa alasiri, wakati mwani uko kazini na oksijeni ni tele, wana kesi nyingine. Hapo pH na amonia ndio watuhumiwa wa kwanza, na kambale hawapati upendeleo. Hatua ni kusimamisha chakula siku hiyo hiyo, kuacha samadi, kutoa kama robo ya maji kutoka chini ambako uchafu umelala, na kuingiza mapya. Kama mapya yanatoka bombani yawe yamekaa kwanza kwenye tangi la wazi siku moja au mbili ili klorini itoke. Chokaa isiguswe.

Kalenda ni sehemu ya dawa

Kuna njia za kupunguza mzigo wa magadi ambazo hazihitaji kununua chochote. Ya kwanza inahusu umbo la bwawa. Jua huchukua maji kwa ukubwa wa uso, haliangalii kina. Bwawa la mita za mraba 100 lenye kina cha mita moja na nusu lina lita zile zile 150,000, lakini linapoteza lita 600 kwa siku badala ya 900. Mwisho wa Novemba maji yake yamekolea mara 1.8, si mara 2.3. Anayechimba sasa ana nafasi ya kuchagua. Aliyekwisha kuchimba anaweza kupanda uzio wa miti upande wa upepo.

Ya pili ni kutoa maji kidogo kidogo kumwagilia bustani. Inashauriwa mno, na inasaidia kidogo kuliko inavyodhaniwa. Mfugaji wa mfano akitoa lita 450 kila siku na kuzirudisha kutoka kisimani, bwawa lake Novemba litakuwa limekolea mara 1.9. Nafuu ipo, ila ameteka maji nusu zaidi na kulipia mafuta ya pampu. Tena maji ya sodiamu nyingi huharibu udongo pole pole, na kitunguu, zao ambalo Singida inajivunia, hakipendi chumvi. Maji ya bwawa ya Mei yanafaa bustani. Ya Oktoba yana mashaka.

Ya tatu ni maji ya mvua. Bati la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 600 kwa mwaka, hupokea lita 60,000, na hata zikipotea moja ya tano zinabaki 48,000. Tatizo ni pa kuzihifadhi. Tangi la ukubwa huo ni gharama kubwa kuliko bwawa lenyewe, kwa hiyo kwa wengi mvua itumike kujaza bwawa mwanzoni, si kuliongezea kiangazi.

Njia yenye faida zaidi ni tarehe. Mfugaji anayepandikiza Januari na kuvuna mwisho wa Julai anapitia miezi mitatu tu ya kiangazi, na maji yake yatakuwa yamekolea mara moja na nusu. Kwa nini basi wengi husubiri hadi Oktoba? Sababu yao ina mantiki. Singida iko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai kuna baridi. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 perege hula kidogo na ukuaji unasimama. Mfugaji anaona samaki wa gramu 180 na kusema, ngoja joto lirudi, wafike 250.

Joto linaporudi, linarudi na kila kitu kwa pamoja: maji yaliyokolea, mwani mwingi, samaki wazito wanaokula sana na amonia inayogeuka kali upesi. Gramu 70 anazozisubiri kwa kila samaki ndizo zinazowekwa rehani dhidi ya zile 180 alizokwisha kuzilipia.

Tuseme alipandikiza vifaranga 450 na wamebaki 400. Tuseme pia samaki wanauzwa shilingi 8,000 kwa kilo na chakula ni shilingi 2,000. Akivuna Julai ana kilo 72, yaani shilingi 576,000. Akisubiri Oktoba na mambo yakaenda vizuri ana kilo 100, yaani 800,000. Ongezeko ni 224,000, na ukitoa chakula cha miezi mitatu, kama kilo 50, linabaki 124,000. Hicho ndicho anachokitafuta, na ili akipate anahatarisha 576,000 na shilingi 100,000 za chakula juu yake. Ikiwa bwawa moja katika kila mabwawa sita yanayosubiri linakufa, faida ya kusubiri imekwisha. Wengi huhesabu hasara ya samaki waliokufa kwa bei ya vifaranga. Samaki wa Oktoba si kifaranga tena, ameshakula gunia.

Anayepima ana uhuru wa kuamua. pH ya alasiri ikiwa chini ya 9 mwezi Agosti na jasi imetiwa, kusubiri ni biashara. Ikiwa 9.5 wakati joto bado halijaanza, wavu uandaliwe wiki hiyo. Anaweza pia kuvua wakubwa Julai na kuacha wadogo, kwa kuwa nusu ya samaki ni nusu ya amonia.

Biashara iliyolala

Kipimo cha pH cha mfukoni, vipande vya karatasi vinavyobadilika rangi na chupa za matone za kupimia alkalini, ugumu na amonia huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya maabara ya miji mikubwa, na baadhi kwa wauzaji wa samaki wa mapambo Dar es Salaam. Kwa mfugaji wa bwawa moja bei yake ni mzigo. Kwa kikundi cha mabwawa kumi si kitu. Kipimo kamili cha maji ya kisima, ambacho kinatosha kufanywa mara moja mwanzoni na kurudiwa kila baada ya miaka michache, ni kazi ya maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji, na mfugaji aombe waziwazi apewe alkalini, ugumu, sodiamu na kalsiamu, si pH peke yake.

Mfanyabiashara mdogo mwenye pikipiki anaweza kuifanya kazi hii. Akiwa na kipimo cha mfukoni na seti ya matone, anazungukia mabwawa alfajiri na alasiri kwa ada ndogo kila mwezi, na nyuma ya pikipiki ana mfuko wa jasi iliyosagwa ya Itigi. Kwa sasa jasi huuzwa kwa lori, na mfugaji anahitaji kilo 36. Mashine za kusaga na magunia havikosekani. Kinachosubiriwa ni mtu wa kununua tani moja, kuisaga na kuiuza kwa kilo, akianza Aprili kabla maji hayajaanza kupaa.